Usingizi Unataka Mlinzi

Ukitaka kusikia utabibu wa mtaani, kaa nusu saa stendi ya Makambako. Hapo barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma inaachana na ile inayopandisha Njombe na kuteremka Songea, na abiria anayesubiri gari huzungumzia tumbo lake bila haya, kama anavyozungumzia bei ya viazi. Nimeisikia hapo, na si mara moja, hukumu ambayo sasa imekuwa kama sheria: hospitali nzuri ni ile inayokulaza. "Wenzio kule wanakuchoma sindano, unalala, ukiamka umeshapimwa. Hawa wa huku wanakusokomeza mpira ukiwa macho, kama ng'ombe anayenyweshwa dawa ya minyoo."

Watu wanacheka, mtu anaandika jina la hospitali kwenye simu yake, gari linakuja.

Hukumu hiyo haikuishia stendi. Imepanda ngazi. Ndugu wa mgonjwa wanaidai mapokezini, wenye vituo wanajua kwamba inavuta wateja, na baadhi ya wahudumu wenyewe wameshaikubali: sindano ya usingizi ni ukarimu, kitu kidogo cha kumfurahisha mgonjwa, na kipimo chenyewe ni ule mpira. Mimi naona mambo yamegeuzwa kichwa chini miguu juu. Kwa mtu anayechunguzwa tumbo tu, bila kukatwa wala kuzibwa mshipa unaovuja, mara nyingi ile sindano ndiyo sehemu ya hatari kuliko mpira wenyewe. Nayo ikitolewa bila mtu wa kuilinda, bora isitolewe.

Kwanza tuelewane kuhusu kipimo. Watu wanakiita kamera, au kumeza mpira. Ni mrija laini, unene wake kama kidole kidogo cha mkono, wenye taa na kamera nchani, unaopita kinywani, ukashuka kooni, ukafika tumboni na mwanzo wa utumbo mwembamba. Kama daktari anatazama tu na kuchukua vinyama vya kupeleka maabara, kazi yote ni dakika tano hadi kumi. Ni kipimo cha maana sana kwetu. Huku kila anayeungulia kifua ameshajipa jina la vidonda vya tumbo na ameshakunywa omeprazoli ya duka la dawa miezi mitatu, ilhali Tanzania imo katika ule ukanda wa Afrika Mashariki na Kusini ambamo saratani ya koo la chakula ni nyingi. Bila kamera huwezi kuyatenganisha hayo mawili. Kwa hiyo asije mtu akasema nawatisha watu wasiende. Waende. Waende Ikonda kule Makete, waende Mbeya, waende Muhimbili, popote penye fundi na chombo.

Sasa turudi kwenye sindano. Mwaka 1995 madaktari wa Uingereza walichapisha ukaguzi wa vipimo vya kamera zaidi ya 14,000 katika mikoa miwili ya nchi yao. Kwa waliokuja kuchunguzwa tu, walikadiria kifo kimoja katika kila watu 2,000, na madhara makubwa kwa mmoja kati ya 200. Ukisoma yaliyowapata watu wale, utaona habari ya moyo, mapafu na pumzi inajirudia, na dawa za usingizi zimo ndani yake. Kutoboka kwa utumbo kupo, lakini si peke yake. Tena wale walikuwa Waingereza, wenye vyumba vyao, wauguzi wao na umeme usiokatika.

Marekani walijifunza jambo hilohilo kwa njia chungu zaidi. Midazolamu, dawa inayotumika sana kwa kazi hii hata kwetu, ilipoingia sokoni kule katikati ya miaka ya 1980, wengi waliipokea kama diazepamu iliyovaa koti jipya. Wakaipima kwa mazoea ya diazepamu. Miligramu kwa miligramu ina nguvu zaidi, na watu wakaanza kuacha kupumua katika vyumba vya kawaida vya vipimo, mbali na chumba cha upasuaji, bila mtu wala mashine ya kuwafuatilia. Vifo vikafika makumi, Bunge lao likahoji, na dawa ikabandikwa onyo zito ambalo inalo mpaka leo. Mwaka 2014 mchekeshaji Joan Rivers, mwanamke tajiri katika mji wenye madaktari wengi kuliko mikoa yetu yote ya kusini, alipumzishwa kwa propofoli ili achunguzwe koo na tumbo katika kituo cha New York. Pumzi ikakatika, ubongo ukakosa oksijeni, akafa siku chache baadaye. Wakaguzi wa serikali walipopekua jalada lake walikuta hata uzito wake haukuandikwa kabla ya kupewa dawa.

Uzito! Kitu ambacho muuza mbuzi pale mnadani anakiangalia kabla ya kutaja bei.

Nina sababu ya kuchukia jambo hili, na nitaisema. Nilimsindikiza shangazi yangu kupimwa, katika hospitali ambayo sitaitaja. Alikuwa na miaka 71. Ilikuwa asubuhi ya Juni, ile baridi ya Njombe ambayo ukitoa pumzi unaiona, naye alivaa masweta mawili, kitenge juu yake, na kofia ya sufi. Alisalimia chumba kizima: "Kamwene!" Nesi akaitikia "Kamwene, bibi," nikajua tumefika kwa watu wema. Nasema hivyo kwa dhati. Walikuwa watu wema. Niliruhusiwa kukaa ndani kwa sababu shangazi akibanwa Kiswahili humkimbia, kinabaki Kibena kitupu.

Walimlaza ubavu wa kushoto, wakamfunika blanketi mpaka kidevuni kwa huruma ya baridi. Wakamvisha kile kibanio cha kidole kinachopima oksijeni. Kioo kikaonyesha vistari viwili badala ya namba, mashine ikalia. Nesi akabonyeza kitufe, ikanyamaza. "Ni vidole vya baridi tu, huwa inafanya hivyo." Sindano ikaingia yote kwa mkupuo mmoja. Taa ikazimwa ili picha ionekane vizuri. Nesi alikuwa mmoja, na kazi zake zilikuwa tatu: kushika kichwa, kumpa daktari koleo la kuchukulia vinyama, na kuitika simu ya mapokezi. Daktari macho kwenye kioo. Nesi macho kwenye koleo. Na mimi, kwa mshangao wa kuona ndani ya mtu ninayemwita shangazi, macho yangu pia yalikuwa kwenye kioo. Macho sita yote yako tumboni mwake. Hapakuwa na hata jicho moja usoni pake.

Alikuwa akikoroma. Kisha akaacha. Nilidhani ametulia.

Sijui ulipita muda gani. Nesi aligeuka kuchukua kichupa cha kuwekea vinyama, akamtazama, na sauti yake ikabadilika: "Mama! Mama! Vuta pumzi!" Mpira ukavutwa, taa ikawashwa, taya likainuliwa, mtu akakimbilia mtungi wa oksijeni uliokuwa chumba cha pili. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Alirudi, tunamshukuru Mungu, na alirudi kwa sababu yule nesi aligeuka. Kama simu ingeita wakati ule, ningekuwa naandika tanzia.

Lakini kisa hiki sikukileta kwa ajili ya hofu yangu. Nimekileta kwa yaliyofuata. Jioni, nyumbani, shangazi alisimulia kwamba hajawahi kuona hospitali nzuri kama ile: "Walinichoma kasindano, nikalala kama mtoto, nikaamka wamemaliza." Mpaka leo yeye ndiye mpiga debe mkuu wa hospitali ile. Majirani watatu wamekwenda kwa ushuhuda wake.

Na hapo ndipo hoja ya stendi inapovunjika. Midazolamu haiondoi maumivu. Inaondoa wasiwasi, na inafuta kumbukumbu. Mtu anaweza kukukuruka mezani, akavuta mpira kwa mikono yake, akalia, akaacha kupumua na kurudishwa, halafu akaamka na kuapa kwamba hakuhisi kitu. Hadanganyi. Hana tu la kukumbuka. Kwa hiyo wale mashahidi mia wa "nililala vizuri" ambao umaarufu wa usingizi umejengwa juu yao ni mashahidi waliofumbwa macho kabla ya tukio. Hakuna mahakama, hata baraza la kata, lingepokea ushahidi wa namna hiyo. Na kumbukumbu haifutiki kwa yaliyotokea mezani tu. Daktari akimpa mgonjwa majibu dakika kumi baada ya kuamka, mgonjwa ataitikia, atauliza swali la maana kabisa, kisha yote yatayeyuka kabla hajafika getini. Nimekutana na watu wanaotembea na karatasi ya majibu mfukoni hawajui kama waliambiwa vidonda au uvimbe.

Watu wa huku wana sababu zao za kuwa waangalifu kuliko wa Dar es Salaam, na ajabu ni kwamba hazizungumzwi. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Makambako iko chini kidogo, lakini bado ni zaidi ya mita 1,600. Kwenye mita 2,000 mgandamizo wa hewa umepungua kama sehemu moja ya tano ukilinganisha na Kariakoo. Tumezoea, tunalima, tunapanda milima, hatuhisi. Lakini akiba ya oksijeni ndani ya damu ni ndogo, na anayeacha kupumua huku anaanguka haraka kuliko anayeacha kupumua pwani. Halafu hivyo vidole vya baridi: kibanio kinasoma damu inayopita kidoleni, na baridi inapobana mishipa kinakosa cha kusoma. Dawa yake si kunyamazisha mashine. Ni kupasha mkono moto, au kuhamishia sikioni kibanio kinachofaa huko, na kufuta rangi ya kucha na kukwepa kidole chenye hina. Hata kikisoma, kisiaminiwe kama Msahafu. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi ambao kibanio kilisema wako kati ya 92 na 96, asilimia 11.7 walikuwa kwa kweli chini ya 88 damu yao ilipopimwa moja kwa moja. Kwa weupe ilikuwa asilimia 3.6. Kifaa kinachosifia kupita kiasi ngozi kama yetu, kwenye mkono wa baridi, mlimani.

Ndiyo maana nasema blanketi litoke kifuani. Funika miguu, funika tumbo, washa jiko la umeme kama lipo, lakini kifua kionekane kinapanda na kushuka. Kifua kinatangulia kusema. Namba ya oksijeni inafuata nyuma, na mgonjwa akiwa amewekewa oksijeni puani namba inaweza kubaki nzuri kwa muda wakati pumzi imeshakoma. Ni vizuri oksijeni iwepo, tena toka mwanzo. Lakini isimfanye mtu aache kutazama.

Kuna jingine linalosemwa kwa sauti ya chini. Njombe ndio mkoa unaoongoza nchini kwa maambukizi ya VVU: utafiti wa kitaifa wa 2022 hadi 2023 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wa miaka 15 na zaidi, wakati taifa zima ni 4.4. Wengi wao wako kwenye kidonge chenye dolutegraviri, ambacho hakigombani na midazolamu. Lakini waliohamishiwa mstari wa pili, wenye dawa zinazoambatana na ritonaviri, ini lao linashindwa kuivunja midazolamu kwa kasi ya kawaida, na sindano iliyokusudiwa nusu saa inaweza kumshika mtu saa nyingi. Flukonazoli ya fangasi ya koo nayo huichelewesha dawa hiyo, na fangasi ya koo yenyewe ni sababu mojawapo ya mtu kupelekwa kwenye kamera! Klarithromisini ya kuua bakteria wa vidonda vya tumbo, hivyohivyo. Sasa niambie: mgonjwa anayeulizwa "unatumia dawa gani?" kwenye benchi la kusubiria, pembeni ya shemeji yake na mwenyekiti wa kitongoji, atajibu nini? Atasema "Panadol tu." Swali hilo linataka mlango uliofungwa.

Na ulanzi. Msimu wa mvua, mianzi inapotoa, wapo wanaokunywa toka asubuhi, na mwili uliozoea pombe haulali kwa dozi ya kawaida. Anafoka, anapigana, mtu anaongeza, anaongeza tena, kisha zote zinamfikia kwa pamoja. Kwa mzee hali ni hiyohiyo kwa njia nyingine: damu inazunguka polepole, dawa inachelewa kufika, na asiye na subira huona haijafanya kazi. Miongozo ya Uingereza inataka mzee aanziwe dozi ndogo, mtu angoje dakika kadhaa kabla ya kuongeza, na hata kwa mtu mzima mwenye afya ni nadra kupita miligramu 5. Tena vichupa vyenyewe vina mtego: kimoja kina miligramu 5 ndani ya mililita 5, kingine miligramu 15 ndani ya mililita 3. Aliyezoea cha kwanza akivuta mililita tatu za cha pili amempa mgonjwa mara tano. Desemba 2008 mamlaka ya usalama wa wagonjwa ya Uingereza iliagiza vile vikali viondolewe kwenye vyumba vya vipimo kwa sababu hiyo. Kwetu kinachopatikana stoo ndicho kinachotumika, basi angalau kichanganywe na maji ya chumvi mpaka kila mililita iwe miligramu moja, na bomba liandikwe.

Najua nitakachojibiwa, na jibu lina uzito. Litasema: watu wanaogopa mpira, na hofu hiyo inaua kuliko sindano. Mtu anayemeza uji kwa shida miezi minne halafu anakataa kamera kwa kuogopa kukabwa ni mtu atakayekuja chakula kikiwa hakipiti kabisa. Mlaze, apimwe, apone. Kweli. Wapo wasioweza bila usingizi, na wapo ambao ni ukatili kuwanyima: anayefungwa mishipa inayovuja damu, anayetanuliwa koo, mtoto aliyemeza sarafu, wengi wa wanaopimwa utumbo mpana kutokea nyuma, ambako kipimo ni kirefu na kinauma. Sitetei ile shule ya "vumilia, wewe mwanamume" ambayo baadhi ya wahudumu wanaiita ujasiri wakati ni uvivu wa kueleza. Ng'ombe wa stendi ana haki ya kulalamika: amesokomezwa, hakuelezwa.

Lakini kati ya kumsokomeza mtu na kumlaza bila mlinzi kuna njia ya tatu, na inatumika kila siku katika nchi ambazo hakuna anayeziita maskini. Uingereza watu wengi huchagua kupuliziwa dawa ya ganzi kooni tu, wakabaki macho, wakaondoka wenyewe baada ya muda mfupi. Kinachomtesa mtu kwenye kipimo hiki ni kichefuchefu na hisia ya kukabwa; maumivu ni machache. Hisia ya kukabwa hupungua kwa maneno: mtu akiambiwa mapema kwamba njia ya hewa iko wazi, apumue kwa pua, mate ayaache yatiririke, na mkono ukawa begani mwake muda wote. Ganzi nayo ina masharti: asile wala asinywe mpaka koo lirudi, na ikichanganywa na usingizi mzito matapishi yanaweza kupita njia ya mapafu bila yeye kukohoa.

Na anayelazwa alazwe na mtu ambaye kazi yake ni usingizi peke yake. Hashiki koleo, haitiki simu. Ameshajua uzito, umri na dawa za mgonjwa kabla sindano haijachomwa. Mkononi ana dawa za kumrudisha mgonjwa: naloksoni kama imetumika pethidini au fentanili, na flumazenili kama ni midazolamu, akijua kwamba flumazenili huisha nguvu kabla ya midazolamu na mtu aliyeamshwa anaweza kuzama tena. Propofoli haina dawa ya kuirudisha kabisa, kwa hiyo hiyo ni ya wenye fani ya usingizi. Hospitali zetu zina wauguzi wa usingizi, wachache na wanaochoka, na mama mjamzito akihitaji kupasuliwa wao ndio wanaoitwa. Sawa. Wakiitwa, kipimo cha siku hiyo kifanyike kwa ganzi au kingoje kesho. Hospitali inayomwambia mgonjwa "leo mtu wa usingizi yuko chumba cha upasuaji, hatukulazi" haijashindwa kazi.

Kiswahili chenyewe kilishaonya. Usingizi wa hospitali tuliuita nusu kaputi, na kaputi ni neno la Wajerumani la kitu kilichoharibika kabisa. Wazee waliona mtu aliyelazwa yuko nusu ya njia. Nusu ya pili ni kazi ya nani?

Hata nje ya chumba usingizi haujaisha. Nimemwona pale stendi mtu mwenye bandeji ya sindano bado mkononi akipanda bodaboda peke yake, kichwa kikining'inia begani kwa dereva. Aliyechomwa midazolamu anatakiwa aondoke na mtu mzima wa kumshika, asiendeshe chombo, asitie saini karatasi ya shamba, mpaka kesho yake.

Shangazi alipimwa tena mwaka uliofuata, kwingine. Wakamwambia hawamlazi, nesi wa usingizi ana dharura. Alinuna. Walimpulizia ganzi, nesi akakaa kichwani pake na kumsemesha mwanzo mpaka mwisho: "Pumua kwa pua, bibi. Hivyohivyo. Mate yaache." Dakika saba. Katikati alifungua jicho moja akatazama kioo. Njiani tulishuka Makambako, akataka chai, nikamzuia mpaka saa ya kungoja ganzi iishe, akawa ananiuliza kila baada ya dakika tano kama imeisha. Wakati huo alimsimulia mama aliyekaa naye benchi majibu yake yote, neno kwa neno kama daktari alivyoyasema: hakuna uvimbe, kuna mchubuko, dawa mbili, moja kabla ya kula, arudi miezi miwili. Kisha akamshika mkono.

"Lakini ukipata nauli," akamwambia, "nenda kule kwingine. Kule wanakulaza."

Mama yule akatoa simu, akaniuliza jina la hospitali linaandikwaje.